Rangi ni Unene: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Fuwele kwa Hadubini na Mwanga Uliopolaraizwa

Tone la vitamini C likikaukia juu ya kioo, kwa macho huoni ila doa la kijivu, mfano wa njia ya konokono ukutani. Liweke chini ya hadubini ya kawaida, bado ni mikwaruzo tu. Sasa tia kipande cha polaraiza, yaani utando unaochuja mwanga, chini ya kioo na kingine juu yake, kisha kizungushe taratibu. Uwanja mzima unakuwa mweusi, na katika weusi huo zinachomoza duara zenye manyoya ya buluu, dhahabu, zambarau na kijani, kama mkia wa tausi. Hakuna rangi iliyotiwa. Rangi zote zilikuwa ndani ya mwanga mweupe wa taa, na fuwele ndiyo iliyozichambua.

Nafundisha kemia sekondari, Tanga, na kwa miaka kadhaa jioni zangu nyingi zimeishia kwenye maabara nikitazama matone yakikauka. Jambo ambalo ningependa kuambiwa siku ya kwanza ni hili: picha hutengenezwa kwenye kioo kabla kamera haijashikwa. Rangi ni unene. Mwenye kujua kuutawala unene wa fuwele na mwendo wa kukauka kwake atapata picha nzuri hata kwa simu ya bei nafuu. Asiyejua atahangaika hata akiwa na kamera ya mamilioni. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye matone na sufuria, na utapita haraka kwenye kamera.

Kwanza, elewa kinachotokea

Mwanga ni mawimbi yanayotikisika kila upande. Polaraiza ni kama uzio wa fito zilizosimama: hupitisha mtikisiko wa wima peke yake. Ukiweka mbele yake uzio wa pili ambao fito zake zimelala, hakipiti kitu, ni giza. Fuwele ikikaa kati ya nyuzio hizo mbili, mambo hubadilika, kwa sababu fuwele nyingi hupasua mwali mmoja kuwa miwili, kila mmoja na kasi yake. Mdenishi Erasmus Bartholin aliliandika jambo hili mwaka 1669, alipotazama maandishi kupitia jiwe la kalisaiti kutoka Aislandi akayaona mara mbili.

Mwali mmoja hutangulia, wa pili huchelewa. Inapokutana kwenye polaraiza ya juu, baadhi ya rangi hufutana na nyingine hupita. Ni rangi zipi zifutike? Inategemea mwali wa pili umechelewa kiasi gani, na kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha unene wa fuwele na namba inayoeleza jinsi miali miwili inavyotofautiana ndani yake. Kwa kwatzi, madini ya kawaida katika mawe, namba hiyo ni karibu 0.009. Wanajiolojia hulichonga jiwe mpaka libaki na unene wa milimita 0.03, na kwa unene huo kwatzi huchelewesha mwali kwa nanomita 270 hivi (milimita moja ina nanomita milioni): utaiona nyeupe au kijivu. Iongezee unene mara mbili, uchelewaji unafika nanomita 540, na jiwe lile lile linakuwa jekundu la kuelekea zambarau. Mfaransa Auguste Michel-Lévy alizipanga rangi hizi kwa mfuatano katika chati aliyoichapisha mwaka 1888, na wanajiolojia wanaitumia mpaka leo. Itafute, ichapishe kwa rangi, ibandike karibu na hadubini yako.

Niongeze habari moja ninayoipenda. Mwaka 1852 daktari wa Bristol, William Herapath, alieleza fuwele za kijani zilizojitokeza mwanafunzi wake alipotia iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini. Fuwele hizo zilipopandana kwa kukatana, mwanga haukupita. Miaka ya 1920 mwishoni, Mmarekani Edwin Land alizipanga fuwele za aina hiyo kwa mamilioni ndani ya utando wa plastiki, na polaraiza ya karatasi ikapatikana. Kwinini ile ile chungu tuliyoinywa kwa malaria ndiyo iliyofungua mlango wa sanaa hii.

Vifaa

Hadubini ya shule inatosha kabisa, ile yenye lenzi za mara 4, 10 na 40. Utafanya kazi zaidi kwa lenzi ya mara 4 na ya mara 10. Ya mara 40 iache, kwa kuwa inakaribia mno kioo na inaonyesha eneo dogo lisilo na umbo. Taa ya LED ni bora kuliko kioo cha kuakisi jua, kwa sababu polaraiza mbili hula mwanga mwingi.

Polaraiza zinapatikana kwa njia nyingi. Zinauzwa kwa karatasi mtandaoni, na kipande cha sentimita 10 kwa 10 kitakufaa kwa hadubini kadhaa. Zipo pia kwenye kioo cha kompyuta au televisheni iliyokufa: ni ule utando wa kijivu uliogandishwa mbele na nyuma ya kioo. Waulize mafundi wa simu na kompyuta, maana vioo vilivyovunjika kwao ni takataka. Pasha utando kwa mashine ya kukaushia nywele, uchune polepole kuanzia pembeni huku umevaa miwani, kisha usugue gundi kwa spiriti. Skrini za zamani zina taa nyembamba za mrija wenye zebaki nyuma yake, kwa hiyo usiivunje skrini. Mwache fundi aifungue. Ukiuchuna utando kwenye kioo cha kikokotoo, chukua wa mbele tu, kwa sababu wa nyuma huwa na tabaka la kuakisi lisilopitisha mwanga.

Ukitumia miwani ya sinema ya pande tatu au kichujio cha kamera cha aina ya mviringo, upande una maana kubwa. Kwenye miwani, pande zinazogusa uso ndizo zitazamane. Kwenye vichujio vya kamera, ni pande za mbele. Namna ya kujaribu ni moja kwa vyote: viweke vipande viwili vikitazamana, vielekeze kwenye taa, zungusha kimoja. Vikifika giza, umepata. Vikibadilika rangi tu bila kuwa giza, geuza kimoja.

Kingine: slaidi za kioo na vioo vyembamba vya kufunikia, sirinji bila sindano, spiriti, selotepu, na maji yaliyotoneshwa. Maji haya utayapata kwa wauza vipuri vya magari kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa kuwa rafu hiyo hiyo ina asidi ya betri. Vyombo vya plastiki angavu usivitumie badala ya slaidi, plastiki yenyewe hutoa rangi na itakuharibia picha.

Kuziweka polaraiza na kuhakikisha

Polaraiza ya chini ilaze juu ya taa, chini ya jukwaa. Ya juu, wengine huiita analaiza, lazima iwe juu ya slaidi mahali popote kabla ya kamera. Rahisi kuliko zote ni kukata duara dogo na kulidondosha ndani ya bomba la lenzi ya jicho. Ikishindikana, iweke juu ya lenzi ya jicho. Kisha zungusha ile ya chini, kwa sababu ndiyo inayofikika, mpaka uwanja uwe mweusi kabisa. Weka alama ya kalamu hapo.

Jaribio la kwanza lisihitaji kemikali. Kwangua kiazi mviringo kwa wembe, weka ule uteute kwenye slaidi na tone la maji, funika. Kila chembe ya wanga itawaka nyeupe ikiwa na msalaba mweusi ndani yake, na mikono ya msalaba itakutana pembeni kidogo, si katikati. Wanga wa muhogo na wa mahindi nao hutoa msalaba. Ukiuona, hadubini yako iko sawa. Usipouona, rudi kwenye polaraiza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kemikali zipi?

Hapa wengi hukata tamaa bila sababu, kwa kuwa huanza na chumvi ya mezani. Chumvi haitatoa rangi kamwe. Fuwele zake ni za mchemraba, na fuwele za mchemraba haziupasui mwali. Shabu nayo ni hivyo hivyo: ina fuwele nzuri kwa macho, lakini kati ya polaraiza hubaki giza. Sukari inafaa kinadharia, ila sharubati yake hukauka kuwa kama pipi angavu na inaweza kukaa siku nyingi bila kutoa fuwele.

Anza na chumvi ya Epsom kutoka duka la dawa. Hukauka upesi, hutoa manyoya marefu yenye rangi safi, na haina hatari. Ukishaizoea, ingia kwenye vitamini C, asidi ya limau ya unga ambayo waoka keki na watengeneza juisi huinunua, na mbolea ya yurea. Magadi ya madukani pia yajaribu. Chumvi yake kuu, ile inayotanda katika Ziwa Magadi na Ziwa Natron, hupasua mwali kwa nguvu sana kiasi kwamba hata fuwele nyembamba hutoa rangi. Mrututu unapendeza kwa sababu una buluu yake mwenyewe inayochanganyika na rangi za polaraiza, lakini ni sumu. Kijiko na chombo ulichotumia kwa mrututu kisirudi jikoni, na mabaki yasimwagwe kisimani wala mtoni.

Vidonge vya vitamini C vya kutafuna vina sukari, rangi na wanga, na sukari huzuia fuwele zisijipange. Unga mtupu ni bora. Kama huna, saga kidonge kimoja, koroga katika mililita 5 za maji, acha kitue, chuja kwa pamba safi, na utegemee matokeo ya kubahatisha.

Njia ya tone

Osha slaidi kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, futa kwa spiriti. Alama ya kidole ikibaki, tone litaikimbia na utaiona kwenye picha.

Kwa vitamini C, yeyusha gramu 1 katika mililita 10 za maji. Kwa chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chai katika vijiko vinne vya maji ya vuguvugu. Dondosha tone moja, kisha lisambaze kwa ukingo wa slaidi nyingine ukiivuta mara moja, kama mtaalamu wa maabara anavyosambaza damu ya kupima malaria. Tengeneza slaidi kumi kwa mara moja. Nasema kumi kwa makusudi, kwa sababu mbili au tatu ndizo zitakazokuwa na kitu.

Baada ya hapo, mwendo wa kukauka ndio msanii. Tone lililokauka polepole mahali penye ubaridi hutoa fuwele chache, kubwa, zenye nafasi ya kutanuka. Tone lililokauka haraka hutoa maelfu ya vichembe vilivyobanana, na picha inakuwa kelele. Slaidi moja iache wazi, ya pili ifunikie bakuli, ya tatu itie juu ya kitu chenye uvuguvugu, nyingine ichanganyie spiriti kidogo ili isambae zaidi. Andika namba pembeni kwa kalamu isiyofutika na kwenye daftari uandike ulichofanya. Bila daftari hutaweza kurudia slaidi nzuri, na hilo linauma.

Vitamini C hufanya jambo la pekee: hukauka kwanza kuwa utando angavu usio na fuwele, halafu baada ya saa kadhaa au siku moja, duara huanza kuota kutoka nukta moja, pete juu ya pete. Usiitupe slaidi inayoonekana tupu. Ikiwa imekaa siku mbili bila kitu, iguse ukingoni kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye unga mkavu wa vitamini C. Chembe hiyo moja huwa mbegu.

Kwetu pwani adui ni unyevu. Wakati wa masika niliwahi kuacha slaidi nane za yurea mezani usiku, asubuhi nikakuta matone nane ya maji. Yurea hunyonya mvuke hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na Tanga au Mombasa mwezi wa Aprili hewa hufika hapo bila shida. Dawa yake ni kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Vikusanye. Vikichoka, chembe zake hukaushwa tena kwa moto mdogo. Walio Arusha, Iringa au Nairobi wakati wa kiangazi hawana haja ya haya yote.

Njia ya kuyeyusha

Njia hii haitaki maji, kwa hiyo unyevu hauisumbui sana, na rangi zake ni kali zaidi kwa sababu unene unaupanga mwenyewe.

Chukua punje moja ya yurea, ivunje, tumia kipande kidogo kama robo ya punje ya mchele. Kiweke katikati ya slaidi, kifunike kwa kioo chembamba. Pasha slaidi juu ya jiko dogo la umeme, au juu ya pasi iliyogeuzwa na kuegemezwa imara. Moto wa mshumaa sikushauri, maana utajaza masizi. Yurea huyeyuka nyuzi 133. Mara tu inapokuwa maji na kutambaa chini ya kifuniko, iondoe kwa koleo. Ukiendelea kuipasha itaanza kuharibika na kutoa harufu kali ya amonia, hivyo fungua madirisha tangu mwanzo. Usiiweke slaidi ya moto kwenye jukwaa, kwa kuwa lenzi hugandishwa kwa gundi isiyopenda joto. Wala usiiweke juu ya sakafu ya saruji baridi, itapasuka. Ilaze juu ya ubao.

Yurea huganda ndani ya sekunde chache, kwa mishale mirefu inayokimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Asidi ya limau ni kinyume chake. Huyeyuka karibu nyuzi 153, halafu hubaki kama asali angavu kwa saa nyingi. Nayo itahitaji mbegu ya sindano, kisha usiku mzima. Lakini uvumilivu huo unalipwa: fuwele zake hukua polepole hivi kwamba unaweza kuzipiga picha kila baada ya dakika tano na kuona ukingo wa rangi ukisogea.

Sasa lile la unene. Kabla ya kuyeyusha, laza unywele mmoja chini ya ukingo wa kioo cha kufunikia, upande mmoja tu. Kioo kitainama kidogo, na fuwele zitakuwa nyembamba upande huu na nene upande ule. Ukitazama kuanzia kwenye wembamba utaona kijivu, nyeupe, njano, nyekundu, kisha buluu, kijani, njano, nyekundu tena, na kadiri unavyosonga mbele rangi zinapauka mpaka waridi na kijani hafifu. Ni chati ya Michel-Lévy, umeitengeneza jikoni. Eneo linalofaa kwa picha ni lile la kuanzia njano ya kwanza hadi nyekundu ya pili. Ukiona slaidi zako zote zimepauka, ni nene mno: punguza kiasi, bonyeza kifuniko wakati bado ni maji. Zikiwa kijivu tupu, ongeza.

Selotepu

Kwa slaidi iliyobaki kijivu bado kuna njia. Bandika tabaka moja la selotepu angavu kwenye slaidi tupu, uiweke kati ya polaraiza mbili, uizungushe. Selotepu nyingi hupasua mwali kama fuwele. Uwanja mweusi utageuka wa rangi, na fuwele za kijivu zitapanda kuwa buluu upande mmoja na kushuka kuwa njano upande wa pili, kulingana na zilivyoelekea. Ongeza tabaka la pili, la tatu, ujaribu pembe tofauti. Baadhi ya selotepu hazifanyi kitu, basi jaribu ya duka lingine. Mimi huitumia kwa kiasi, kwa sababu weusi wa nyuma ndio unaozipa fuwele heshima yake, lakini kwa fuwele nyembamba kama sindano hakuna kinachoizidi.

Kupiga picha

Zungusha slaidi kabla ya kubonyeza chochote. Kila fuwele huzimika mara nne katika mzunguko mmoja na huwaka zaidi katikati ya kuzimika na kuzimika. Kwenye kundi la fuwele zilizoelekea kila upande, mzunguko wa nyuzi kumi tu unaweza kubadili picha nzima.

Simu ishikwe na kishikizi cha lenzi ya jicho, kwa sababu mkono hautulii. Isogeze juu na chini mpaka duara lijae. Kisha fanya hivi: zungusha polaraiza ya chini hadi uwanja uwe mweupe, funga urari wa rangi (white balance) hapo, halafu rudi kwenye giza. Usipofanya hivyo simu itaona weusi na kujiamulia rangi zake. Punguza mwangaza kidogo kuliko simu inavyopendekeza, weka ISO ya 100 au 200, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili mtikisiko wa kidole uishe. Kwa fuwele zenye mwinuko, piga picha tano hadi kumi ukisogeza fokasi kidogo kidogo na uziunganishe kwa programu.

Katika kuhariri, safisha vumbi, rekebisha weusi, basi. Ukiongeza ukali wa rangi, unafuta kile kile ulichokitafuta, yaani unene wa fuwele ulivyojiandika wenyewe kwenye mwanga.

Kuhusu mpangilio, usitafute fuwele nzuri zaidi, tafuta mpaka. Mahali duara mbili zinapokutana na kusukumana, mahali tone liliposimama na kuacha ukingo, ufa uliopita katikati ya pete. Katikati ya duara kamilifu pana uzuri wa kanga mpya, lakini jicho halikai. Michael Davidson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida alipiga picha za bia na vileo vilivyokaushwa, picha zikachapishwa hadi kwenye tai, na nyingi zinakushika kwa sababu ya mipaka hiyo.

Slaidi nzuri ipige picha siku hiyo hiyo. Vitamini C hugeuka njano, kisha kahawia, ndani ya wiki chache, na yurea husubiri mvua tu. Slaidi za kuyeyushwa zizibe kingo zote kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, zihifadhi kwenye lile kopo la vifuko. Ninazo za asidi ya limau nilizoziziba hivyo kabla ya masika ya mwaka juzi, na pete zake bado zinawaka.